Bonyeza Ukisikia

Daktari alinivisha vikombe viwili masikioni,
akafunga mlango wa kile chumba kidogo,
akasema kupitia kioo: bonyeza ukisikia.
Nikakaa na kitufe kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga.
Nikangoja.
Baadaye akanionyesha karatasi.
Mstari ulianza vizuri upande wa kushoto,
ukaenda, ukaenda,
kisha ukaporomoka kama ukingo wa Menengai.

Miaka kumi na tisa kwenye mitambo ya blanketi,
zamu ya usiku,
pamba za masikio siku wanayokumbuka kuzileta.
Sasa kijiko kikianguka sisikii.
Sisikii mbayuwayu juu ya mabati, wala simu,
wala ile s katikati ya jina la mpwa wangu Osebe:
kwangu ni O, halafu upepo, halafu ebe.
Kanisani sauti ya kwanza hufungua vinywa tu,
safu nzima ya kina mama wakimpigia Bwana miayo.
"Sikio la kufa," shemeji alianza,
na methali ile haihitaji mtu wa kuimaliza.

Lakini halikufa. Limehama.
Limeshuka chini, limepanga chumba karibu na udongo.

Osebe alipokwenda Doha aliniachia sanduku
alilolilehemu mwenyewe kwa vipuri vya redio.
Vifundo kumi na sita. Taa kumi na sita nyekundu.
Spika ya gari, imechanika pembeni, imezibwa kwa gundi ya viatu.
Alikiita sikwensa.
Mimi niliweka juu yake sufuria.

Mpaka usiku stima ilipopotea Kaptembwo nzima,
nikaunganisha betri ya pikipiki
nipate japo zile taa.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Dumu
kwenye mfupa wa kifua.
Dumu, dumu
kwenye miguu ya kitanda, kwenye maji ya ndoo,
yakajikunja duara ndani ya duara.
Hakuna mtu humo ndani. Hakuna mpenzi aliyeondoka,
hakuna anayeomba kusamehewa.
Ni kitu kinatembea gizani kwa mwendo wake,
kikifika mwisho kinaanza,
kikianza kimeongeza uzito kidogo,
kama gunia la mahindi linavyoongeza uzito mtu akisimama nalo.
Mitambo ya blanketi nayo ilirudia,
lakini ile ilirudia ikinidai.
Hii hainidai kitu.
Niliketi sakafuni, mgongo kwenye spika,
nikasikia.
Mimi. Nikasikia.

Zaituni wa chumba cha pili akaja na mshumaa.
Nilimsoma midomo: Shangazi, friji yako imeharibika?
Nikamwambia sina friji.
Akaketi juu ya debe.

Hatua ya kumi na moja ina pengo.
Taa inawaka, sauti haiji,
na kila mzunguko mguu wangu unabaki hewani
kama mtu aliyehesabu vibaya ngazi za gizani.
Nilimwandikia Osebe. Akajibu: lehemu imeachia hapo, peleka kwa fundi.
Sikupeleka. Nililizoea pengo lile,
nikawa nalingoja kuliko ninavyozingoja nyingine,
nikasema walau kuna kitu hapa kimeharibika mahali pamoja nami.

Zaituni akatikisa kichwa.
Akasogea kwenye mwanga ili nimwone vizuri akisema:
Ipo, Shangazi. Nyembamba sana. Kama mbu.

Basi haikuachia. Ilikuwepo usiku wote
ikiimba juu ya kichwa changu,
upande wa pili wa ukingo.

Ningekikunja kile kifundo,
niishushe sauti ije huku ninakoishi.
Vidole vilikwisha kufika pale.
Nikavirudisha.
Nikamnyoshea Zaituni mkono, kiganja juu,
nikamwambia: bonyeza ukisikia.

Kidole chake kina unga wa ugali.
Nane.
Tisa.
Kumi.