Vyumba Sita Yombo

Pazi, nimesikia umenunua.
Vyumba sita, bati la migongo mipana,
na dalali amekula chake kabla wino haujakauka.
Hongera. Sasa kaa nikuambie,
na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Ulikwenda kuiona na nani?
Ulikwenda kiangazi, saa nne asubuhi, na viatu vyeupe.
Rudi mwezi wa nne, mvua ikiwa ya siku ya tatu,
simama nyuma ya choo, tazama maji yanakoelekea.
Ukutani kwa jirani kuna mstari wa tope, usawa wa goti langu:
huo ndio mkataba, mwanangu.
Ule mwingine ni karatasi.

Lakini karatasi nayo itafute.
Mwenyekiti wa mtaa atakugongea mhuri huku anatafuna muhogo;
usilewe mhuri.
Uliza majirani wa pande zote nne
nani aliwahi kukigombea kiwanja hiki,
na shangazi gani wa marehemu hakuitwa kikaoni.
Ardhi ya hapa ina ndugu wengi kuliko harusi.

Kodi ya miezi sita ukiishika siku moja
utajiona tajiri. Hujawa.
Hiyo ni hela ya miezi sita iliyovaa nguo za siku moja.
Kipande mpe shimo la choo,
maana gari la majitaka halikopeshi.
Kipande mpe bati, na fundi Kihwelo,
ambaye ukimwita Ijumaa atafika Jumanne
na kuomba ya nauli.
Na ukipiga hesabu, piga ya vyumba vitano.
Cha sita ni cha Mungu:
kila mwaka kuna kitakacholala bila mtu.

Luku, kila chumba na mita yake, hata kama itakukausha.
Mita moja kwa vyumba sita ni vita.
Mwenye friji ataapa kwa mama yake,
mwenye pasi atasema nguo zake hazijikunji,
na umeme ukikata saa tatu usiku
watagonga kwako, si kwa Tanesco.

Ufa usiuzibe kwa rangi. Mpangaji ana kucha.

Risiti andika hata kwa mjomba.
Hasa kwa mjomba.

Hili jingine sijawahi kumwambia mtu.
Kule Tandika, chumba cha nne, alikaa Tusajigwe,
mpika maandazi, na wanawe wawili.
Alinidai subira miezi mitatu.
Wa nne nikamtuma fundi, akang'oa mlango.
Ndivyo tulivyofanya wenye nyumba; hakuna aliyeshangaa.
Yeye akatundika kanga pale mlango ulipokuwa.
Upepo ukija inavimba, naisoma nikiwa barazani kwangu:
NYUMBA NI YA UDONGO NA MWENYEWE PIA.

Siku tisa.
Ya kumi akalipa yote, noti zinanuka hamira.
Akafagia chumba, akapiga deki,
akaniwekea ufunguo mkononi.

Ufunguo, Pazi.
Wa mlango ulioegemea kabati langu.

Nilikuwa na neno la kumwambia, halikutoka.
Nikaandika risiti.

Basi mtu akichelewa, nenda mchana, si usiku.
Kaa kwenye kigoda chake, akikupa chai kunywa.
Muulize kumetokea nini, halafu nyamaza.
Mkubaliane tarehe, muiandike, mjumbe aweke sahihi.
Akishindwa kabisa, mpe notisi, mpe na siku za kutafuta kwingine;
mkibishana, baraza lipo, litawasikiliza wote wawili.
Mlango mwachie.

Mie nina sabini na mbili, na ule ufunguo ninao bado,
kwenye kopo la vifungo.
Hauna cha kufungua.

Na hicho choo, kinyonywe kabla ya masika.
Usingoje harufu.