Sekunde Tisini

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Kazi yangu usiku ule, huko Gobi,
ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati:
nisome swali, nibonyeze, ninyamaze.
Kanuni ya kumi na moja yasema msimamizi
asikohoe, asitikise kichwa,
asitazame anakotazama mtahiniwa.

Baridi ilishuka nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kalamu za wino ziligoma; tukaandika kwa penseli.
Tochi tulizivika vitambaa vyekundu,
kwa kuwa jicho lililozoea giza ni mtoto aliyelala:
ukiwasha taa kali
utaanza kumbembeleza upya.

Wakatoka bandani mmoja mmoja,
wanafunzi wa sekondari, namba zimebanwa kifuani.
Mvulana wa Khovd alijibu kabla sijameza mate.
Pacha wa Darkhan walikosea kosa lilelile,
wakipishana dakika ishirini.
Kisha namba thelathini na nne.

Sikupaswa kujua kuwa anaitwa Ariunzul,
wala kuwa karatasi yake ya nadharia
haikuwa na alama ya ufutio hata moja.
Anaishi Ulaanbaatar, mlimani, kwenye mtaa wa mahema,
ambako kila jiko hula makaa usiku kucha
na mbingu ya Desemba ni mfuniko wa sufuria.
Nyota alizowahi kuziona kwa macho
angezitaja kwa pumzi moja. Nyingine zote alizisoma.

"Onyesha Kilimia." Akaonyesha.
"Elekeza darubini kwenye galaksi ya Andromeda.
Una sekunde tisini."

Akainua uso.
Akaitafuta W ya Kasiopea, ile ambayo kwenye ramani
ni misumari mitano tu ukutani.
Akaipata. Akapata nyingine ubavuni mwake.
Akapata ya tatu, ya nne,
kila alipogusa palifurika.
Nikamsikia akisema, si kwangu:
"Mbona ni nyingi hivi?"
Fomu haina kisanduku cha jibu hilo.

Sabini. Themanini. Nikabonyeza.
Hakuusikia mlio, au aliusikia akaupuuza;
amesimama juu ya kreti, kwa ncha za vidole,
akilisukuma bomba unywele kwa unywele
hadi akatulia, akafumba jicho moja,
akasema: "Kama pumzi kwenye kioo."
Saa ilisoma mia moja thelathini na moja.
Muda ukiisha, msimamizi hachungulii.
Sikuchungulia. Nikaandika sifuri,
nikaikoleza, maana penseli ilikuwa butu.

Saa saba za usiku, wote wamelala,
nikairudia darubini ile. Haina mota.
Dunia ilikuwa imeshauzungusha ushahidi:
nilikuta weusi, na nyota moja
isiyo na kesi na mtu.
Mimi, miaka kumi na tisa ya kushika saa,
nikapiga magoti kwenye changarawe,
nikasukuma magharibi, chini, chini zaidi,
nikapotea, nikarudi, vidole vimekufa ganzi,
bila mtu wa kunihesabia.

Ilinichukua dakika kumi na nne.
Na kweli. Pumzi.

Sifuri haikubadilika.
Timu ni ya watano, yeye akawa wa saba.
Ndani ya basi aliketi nyuma yangu.
"Mwalimu, ile W ya nne inaitwaje?"
"Haina jina."
Akaiandika daftarini hivyohivyo, kwa herufi kubwa.

Kilomita arobaini kabla ya jiji
ukungu ukatanda kwenye dirisha lake.
Akaufuta kwa kiganja, mara mbili,
halafu akauacha:
ulikuwa upande wa nje.