Maneno Mekundu

Kompyuta yangu ya kwanza ilisema Kitaliano.
Aliiacha mwenye hoteli iliyofungwa kule Casuarina
badala ya mshahara wa baba wa miezi miwili,
na baba akaingia nayo Maweni ameikumbatia
kama mtu aliyeokota mtoto.
Tulikula sima kwa mchunga siku nyingi
nami nikajifunza: Salva ni hifadhi,
Annulla ni rudi nyuma, ulilolitenda halikutendeka.

Sasa nina meza yangu nyuma ya soko,
bisibisi tisa, chuma cha kulehemu, feni isiyogeuka,
na maoni ambayo hakuna aliyeniomba.

Mchezo mzuri ni ule unaokushinda
ukabaki unajilaumu mwenyewe.
Ule unaokuuzia upanga kwa pesa za simu
si mchezo, ni duka lenye ngoma.

Karisa, mwana wa Sidi, ana miaka tisa
na anajua kukata kona kwenye theluji.
Juzi kaniuliza: Shangazi, theluji inanuka vipi?
Nikamfungulia friza ya Bi Zubeda, muuza barafu za ukwaju.
Akaingiza kichwa, akakitoa ameudhika:
"Inanuka samaki."

Kuna mwingine, wa merikebu.
Unatoka mbali na mizinga yako, unaikaribia pwani
yenye minazi iliyochorwa na mtu asiyewahi kuuona mnazi,
na maandishi yanakwambia: Shuka. Gundua.
Mimi, niliyezaliwa hatua mia sita kutoka ile Nguzo!
Sikushuka. Nilitia nanga, nikaenda kuinjika maharagwe.
Kurudi: Shuka. Gundua.
Siku tatu niliiacha inayumba pale pale,
mabaharia wakizunguka sitahani bila kazi,
na kijiji cha ng'ambo kikaendelea kukoka moto wake.
Ndio ushindi wangu mkubwa. Hauna alama.

Kuhusu programu nitasema polepole, maana inaniuma.

Ile ya kuandikia haikunijua.
Nikaandika Dama, jina langu: mstari mwekundu.
Nikaandika vita, ikakubali bila neno;
baadaye nikajua kwao maana yake ni uhai.
Mchunga, mahamri, utosi, buriani,
ukurasa mzima ukawa kisutu.

Basi nikaifundisha, neno moja moja,
kubofya, Aggiungi, kubofya, Aggiungi,
miaka sita.
Baba alipolala na ugonjwa wake
alikuwa akinitupia maneno ya Ganze kupitia dirishani,
nami nabofya.
Elfu nne mia moja na kumi na mawili.
Hesabu si yangu, ni ya mashine.

Wiki iliyopita likaja sasisho.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hili lilikuja na jembe lake, usiku, nimelala,
likalima pale pale nilipopanda.
Asubuhi: Benvenuto. Vitufe vimekuwa duara,
rangi kama ya uji wa mgonjwa,
na jina la baba, Thoya, limepigiwa mstari.
Annulla, nikabofya.
Annulla. Annulla.
Halikurudi hata moja.

Kisha ikaniuliza nimefurahia kwa nyota ngapi.
Jibu ninalo, ila lina maneno
ambayo haiyajui tena.

Nikafungua ukurasa mweupe. Thoya. Aggiungi.
Moja.

Bado nawaza la pili, Kahindi mgema akatokea,
simu mkononi inadondosha povu:
"Imetumbukia kwenye mnazi, Dama, na bado inaita!"
Kweli ilikuwa inaita. Mkewe.
Nikaandika tumbukia, nikabofya,
nikachukua bisibisi.