Mzunguko wa Tisa, Kona ya Nne

Saa sita usiku, Sakina.
Usukani nimeufunga kwenye meza ya cherehani ya mama,
pedali zangu jirani na pedali yake.
Baridi ya Julai imelalia bati.

Naandika: Gari namba ishirini na saba,
Aikande, wa Pasua, Moshi.
Kanigonga ubavuni, kanitupa kwenye kokoto,
hakusubiri, hakuomba radhi.
Naomba afungiwe mbio tatu.
Nafuta tatu. Naandika tano.

Waamuzi wanataka picha. Haya.
Narudisha nyuma, natazama kutoka juu,
kutoka nyuma, kutoka kwenye majani:
kila mara nimeonewa,
na nimeonewa vizuri.

Kisha kidole kinateleza
najikuta kwenye kiti chake.

Kumbe alishaingia, gurudumu kwa gurudumu.
Kumbe ni mimi niliyefunga mlango
mtu yuko kizingitini.

Mama anakohoa chumbani. "Hujalala tu, Ndekirwa?"
"Kuna mahali narekebisha, mama."
"Usinikatie uzi."

Nafuta ishirini na saba.
Naandika namba yangu, tarakimu moja moja,
kama mtu anayelipa kwa sarafu.

Kwenye tano nasita.
Narudisha tatu.