Megabaiti Tano

Sauti ya baba ina megabaiti sitini na moja.
Meli yako, Zaza, haipokei zaidi ya tano.
Umeniandikia hivyo kutoka katikati ya Atlantiki:
nahodha anagawa intaneti kama dawa ya kikohozi,
kijiko kwa kila baharia, na kijiko hakijai.

Basi usiku, hapa Kakheti, mama akiwa amelala,
nikafungua tovuti inayopunguza mafaili bure.
Ukurasa mweupe, kisanduku, mshale,
na maneno: "Dondosha sauti yako hapa."
Nikadondosha
dakika thelathini na moja za baba ndani ya mtungi wa divai,
ule mkubwa, uliozikwa ardhini hadi shingoni,
yeye chini na brashi yake ya magome ya mcheri,
mimi juu, nimeinamisha simu mdomoni mwa mtungi,
nikiogopa isije ikaniponyoka.
Ilikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wa pili tukamzika.

Chombo kikauliza: ubora kiasi gani?
Kana kwamba nimesimama mbele ya muuza nyama.
Nikachagua kilobiti sitini na nne.
Mstari wa kijani ukatambaa, ukasita, ukatambaa.
Megabaiti kumi na tano. Bado.
Thelathini na mbili: saba na nusu. Bado.
Nikashuka hadi kumi na sita, ngazi ya mwisho,
faili likatoka na megabaiti tatu na pointi saba,
jepesi kama ganda la yai.
"Hongera! Umeokoa asilimia tisini na nne."
Nimeokoa. Neno gani hilo.

Chini ya kitufe kulikuwa na maandishi madogo:
chombo hutupa kile ambacho sikio halitajua kimeondoka.
Sikio la nani, hawakusema.

Ukajibu siku ya tatu.
"Lamara, nimemsikia. Anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi,
lakini ni yeye, hata ile tabia ya kumtukana mbwa katikati ya sentensi.
Ila kuna mahali anasema:
Sikiliza hapa, Zaza, ukiisikia hii acha kusugua, mtungi umetakata.
Halafu kimya.
Nimerudisha mara kumi.
Nisikilize nini?"

Nikafungua faili kubwa, lile zito, dakika ya kumi na tisa.
Brashi inakwaruza, kwaru, kwaru, bado ina masimbi ya mwaka jana,
kisha magome yanagusa udongo mtupu
na kitu kinalia, chembamba, juu kabisa,
kama kidole kilicholowa kwenye ukingo wa bilauri.
Nikafungua dogo, dakika ileile.
Kikohozi kimebaki. Mbwa amebaki.
Pikipiki ya Otari wa jirani imebaki nzima, hata inavyokataa kuwaka.
Kilichotupwa ni kile alichoshukia mtungini kukuonyesha.

Nilikaa jikoni nikiichukia tovuti mpaka chai ikapoa.
Lakini kosa halikuwa lake; mimi ndiye niliyeteremka zile ngazi.
Kupunguza kuna namna mbili, kumbe:
unakibana kitu kizima mpaka kikonde,
au unakata kipande, unakiachia unene wake.

Nimekata sekunde kumi na moja.
Sijazibana hata kidogo.
Kilobaiti mia tatu na hamsini, hata nahodha wako hatanuna.
Hamna neno la baba humo, ni mkono wake tu, na ule mlio,
na mwishoni pumzi moja, nadhani ni yangu.

Usisikilizie spika ya simu, inakoroma.
Azima vile vya masikioni vya mpishi.
Mtungi bado mchafu, tumeufunika ubao mpaka urudi.
Niandikie umesikia nini.
Na kama hukusikia, Zaza,
usiniambie umesikia.