Hojaji Isiyo na Jina

Ghorofa ya sita, barabara ya Ngong,
kazi yangu ni kutafuta makosa.
Wenzangu huandika programu, mimi huzigonga
kama mnunuzi wa tikiti maji soko la Toi,
nikisikiliza panapolia vibaya.
Kasoro elfu moja mia mbili na nane
nimeziripoti kwa miaka minne.
Nyingine zimerekebishwa.

Ukutani, kwa rangi ya machungwa,
wametuandikia kwamba sisi ni familia.
Na kweli zipo siku tunafanana nayo:
ukiondoka saa kumi na mbili, kesho yake
Bwana Gichinga atakuuliza mbele ya watu
kama nyumbani kuna mgonjwa.

Barasa alipofiwa na babake
alitumiwa picha ya ua kwa barua pepe,
na chini ya ua, tarehe ya kukabidhi kazi.

Kemunto aliporudi kutoka likizo ya uzazi
alikuta kiti chake kimekaliwa na sanduku la nyaya.
"Tulidhani," wakasema. Hawakumalizia.
Akawa anakamua maziwa katika chumba cha seva,
akitetemeka. Baridi ile si yake, ni ya mashine;
mashine zina kipimajoto na mtu wa kuzilinda usiku.
Kemunto alikuwa na leso, akiitundika mlangoni.

Mwezi wa tatu ikaja hojaji.
Haina jina, walisisitiza, semeni ya moyoni.
Maswali kumi ya kuchagua nambari,
kisha kisanduku kitupu: Una la kuongeza?

Nilikaa nacho hadi saa tano za usiku.
Nilianza kwa Kiingereza, kikatoka kimevaa tai.
Nikafuta.
Nikaandika kwa lugha niliyogombezewa nayo utotoni:
*Chumba cha seva si mahali pa mama;
saa za usiku tunazowafanyia zina jina, zinaitwa deni;
na aliyefiwa huambiwa pole, kisha watu hunyamaza.*

Jumatatu Bwana Gichinga akaniita
kwenye kile chumba cha vioo
ambamo watu huona midomo wasisikie neno.
"Mbodze," akasema, kwa upole wa daktari wa meno,
"hatujui nani aliandika nini.
Ila jibu la Kiswahili ni moja tu,
tena Kiswahili chenye nukta mkato."
Nikamwambia nukta mkato hata programu zetu zinazo.
Hakucheka.

Sikumsimulia mtu. Kioo kilisimulia.

Mwezi wa sita hojaji ikarudi.
Safari hii matokeo yakaangazwa ukutani,
juu kabisa ya zile herufi za machungwa,
na majibu thelathini na matatu, kati ya arobaini na moja,
yalikuwa kwa Kiswahili.
Kiswahili gani! Cha kuchechemea, cha kuazima,
cha watu waliokitupa siku ya mtihani wa mwisho:
*Hii kazi ya usiku iko mingi na haiishangi.*
*Chumba ya seva si ya maziwa.*
Mmoja alitia nukta mkato kila mwisho wa mstari,
pasipo haja, kama mtu anayekohoa makusudi.
Mimi nilikuwa nimejibu kwa Kiingereza.

Bwana Gichinga akatupitia uso kwa uso.
Barasa anachunguza kucha zake.
Kemunto ananitazama waziwazi, hapepesi.

"Mbodze, wewe ndiwe mwenye lugha," akasema.
"Hapa: *Meneja anasikiza lakini masikio yake hayuko.*
Hii ina makosa, au vipi?"

Nikaisoma sentensi polepole, mara mbili.
Ngeli imeteguka kifundo, hilo hata mtoto angeliona.
Miaka minne nalipwa kwa kuyaona.

"Hapana," nikasema. "Iko sawa kabisa."