Siku ya Ishirini na Tatu

Kabla ya nchi, simu.
Imetetemeka mfukoni mwa koti la mvua
saa kumi alfajiri, nayo tangu Kochi ilikuwa mfu:
jumbe arubaini na moja,
deni la muda wa maongezi, harusi iliyonipita,
na sauti ya mama, ya juzi au ya mwezi jana, sijui:
"Shekuwe, mkate wa mofa nimekuwekea. Ukipoa, shauri yako."

Kisha umande ukatuletea moshi wa mikoko na mavi ya punda.
Padmini, mwalimu mstaafu, mwenye mashua,
akauliza ni uvundo gani huo.
Nikamwambia: ni kwetu.

Kumekucha. Vilima vya mchanga vya Shela vile,
vidogo kuliko nilivyomsimulia.
Twende, akasema, mkono usukanini.
La. Maji yamekupwa, mlangoni pana fungu,
tungoje hadi saa saba.
Siku ishirini na mbili tumeuhimiza upepo kwa dua na matusi,
leo tunashusha tanga na nyumbani kunaonekana,
tunayumbayumba tu
kama wageni wanaoona haya kupiga hodi.

Akashuka chini, akarudi na dumu la mwisho,
maji tuliyokuwa tukiyapima kwa kikombe cha kahawa.
"Oga. Usimwendee mama hivyo."

Nimeoga. Nimejimwagia kama tajiri.
Ila nyuma ya masikio nimeiacha chumvi:
mama hajawahi kuamini maneno.